"Amekula pesa za madarasa": Katiba ya Kenya inamlinda aliyeandika hadi wapi?

Upepo_wa_Kusi aliuliza:

Wandugu wa sheria, naomba ufafanuzi, na tafadhali mtaje ibara na kifungu, si "nilisikia mahali".

Tuseme madarasa mawili ya shule ya msingi yametengewa pesa za NG-CDF, ile hazina ya serikali ya maendeleo ya eneo bunge. Bango la mradi limesimama mwaka mzima na zaidi, lakini uwanjani kuna rundo la mchanga na mawe tu. Mkaazi mmoja anataka kuandika Facebook: "Mheshimiwa amekula pesa za madarasa, ni mwizi." Wengine wanataka kuandamana kwa amani hadi ofisi ya eneo bunge wakapeleke malalamishi yao kwa maandishi.

Je, Ibara ya 33 inatosha kumkinga aliyeandika? Akikamatwa, huwa ni kwa kosa lipi hasa? Polisi wanaweza kuchukua simu yake? Na OCS (mkuu wa kituo cha polisi) akisema "sijawapa kibali", maandamano yamekufa hapo?

---

Mizani_Mbili:

Anza na Ibara ya 33, lakini isome yote. Watu wengi huishia fungu la kwanza, lile la uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari au maoni. Fungu la pili linataja maneno ambayo hayamo kabisa ndani ya uhuru huo: propaganda ya vita, kuchochea vurugu, matamshi ya chuki, na kueneza chuki inayochochea uhasama wa kikabila, inayotukana watu au inayochochea kuwadhuru. Fungu la tatu linasema kila anayetumia uhuru huu aheshimu haki na jina la mwenzake.

Sasa weka sentensi yako kwenye mizani. "Mheshimiwa amekula pesa" haigusi fungu la pili hata kidogo. Matamshi ya chuki, kwa kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ni chuki dhidi ya kundi la watu kwa rangi, uraia, kabila au asili yao. Kumsema mbunge mmoja kwa kazi yake si chuki ya kikabila, hata ukimsema vikali. Ila ukiongeza neno moja, "watu wa kabila lake ndivyo walivyo," umejipeleka mwenyewe kwenye kifungu hicho, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Neno moja tu.

Sentensi yako inagusa fungu la tatu, jina la mtu. Na jina la mtu kwa sehemu kubwa ni kesi ya madai, si ya polisi.

Kisha nenda Ibara ya 24. Serikali ikitaka kupunguza haki yoyote lazima iwe kwa sheria iliyoandikwa, na kikomo chenyewe kiwe cha maana na kinachokubalika katika jamii iliyo wazi na ya kidemokrasia. Lipo fungu dogo ambalo mawakili hulipenda kuliko yote: 24(3). Anayetaka kuminya haki ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba masharti hayo yametimizwa. Si kazi ya raia kueleza kwa nini aliongea.

Mzigo huo ndio ulioangusha vifungu vitatu vilivyokuwa vikitumiwa sana dhidi ya watu wa mitandaoni. Aprili 2016, katika kesi ya Andare, Jaji Mumbi Ngugi alibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano. Kifungu hicho kiliharamisha ujumbe "wa kuudhi mno", na ujumbe wa uongo wa kumletea mtu "kero, usumbufu au wasiwasi". Nani anapima kero? Kipimo hakikuwemo, kwa hivyo mwandishi hakuwa na namna ya kujua mapema kama anavunja sheria. Februari 2017 Jaji Mativo akaondoa kashfa ya jinai, kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, katika kesi ya Okuta. Hoja yake: kumfunga mtu jela kwa kuchafua jina la mwenzake kumepita kiasi, wakati fidia ya madai ipo. Aprili mwaka huo huo, katika kesi ya Robert Alai, Jaji Chacha Mwita akabatilisha kifungu cha 132, kile cha kudunisha mamlaka ya mtumishi wa umma. Kifungu hicho kilimtaka mshtakiwa ndiye athibitishe kuwa alikuwa na sababu halali.

Kwa hivyo hati ya mashtaka ikija na 194 au 132, wakili anainuka siku ya kwanza, kabla mshtakiwa hajajibu lolote.

---

Kalamu_na_OB:

Mizani umenena vyema, ila usimwachie ndugu yetu matumaini ya bure. Mlango mmoja umefungwa, ukafunguliwa mwingine. Siku hizi kinachotajwa sana ni Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018. Ilivyopitishwa, kifungu cha 22 (habari za uongo kwa makusudi) kina faini isiyozidi milioni 5 au miaka 2; cha 23 (uongo wa kuzua taharuki au kumharibia mtu jina) milioni 5 au miaka 10; cha 27 (unyanyasaji wa mtandaoni) milioni 20 au miaka 10. Angalia hapo kwenye 23, maneno ya kumharibia mtu jina yamerudi kwa mlango wa nyuma, na kwa adhabu kubwa kuliko ile iliyofutwa na Mativo.

Sheria hii imepanda na kushuka. Mei 2018 mahakama ilisimamisha vifungu 26 kwa ombi la chama cha wanablogu, BAKE. Februari 2020 Jaji Makau akaitupa kesi hiyo na vifungu vikarudi. Kisha marekebisho yakatiwa saini Oktoba 2025, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu za kifungu cha 27. Ndiyo maana skrinshoti ya uamuzi inayozunguka WhatsApp haitoshi. Hali ya kifungu inaangaliwa siku ile ile mtu anapofikishwa kortini.

Hata hivyo 22 na 23 vina ndoano zake. Upande wa mashtaka uonyeshe kwamba habari ni ya uongo, na kwamba aliyeandika alijua au alikusudia. Mwenye picha ya bango yenye tarehe, na nakala ya ripoti ya mradi, amewafanyia kazi iwe ngumu sana. Na skrinshoti wanayoleta wao haiingii kortini hivi hivi: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza ilipatikana kwa kifaa gani, na kisainiwe na mtu anayehusika na kifaa hicho. Kesi nyingi za posti hudhoofika hapo, kwa sababu afisa ameletewa picha na mlalamishi, akaichapisha kwenye saiba, basi.

Sasa ukamataji wenyewe. Ibara ya 49: aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini anakamatwa, ana haki ya kunyamaza, ana haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika, asilazimishwe kukiri. Afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kwisha.

Hesabu ya saa 24 ndiyo watu wanaikosea. Zikiishia nje ya saa za kazi za mahakama, au siku isiyo ya mahakama, zinasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Mtu akikamatwa Alhamisi saa nne asubuhi, Ijumaa saa nne zimekwisha. Akikamatwa Alhamisi hiyo hiyo saa moja jioni, zinaishia Ijumaa saa moja jioni, korti imefungwa, na polisi watasema wana hadi Jumatatu jioni. Kwa hivyo usikae kusubiri saa ziishe. Nenda kituoni usiku huo huo, uliza namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), uliza kosa limeandikwaje, uombe dhamana ya polisi. Ukitoa pesa taslimu, dai risiti. Pesa za dhamana zisizo na risiti ni sadaka.

Simu: kifungu cha 48 cha sheria hiyo ya 2018 kinataka kibali cha mahakama ili kupekua na kuchukua kifaa au data, na 49 kinataka waandike orodha ya walichochukua, na tarehe na saa, wakupe nakala. Wakichukua bila karatasi, usivutane nao. Sema kwa sauti, mbele ya mtu, kwamba hukubali, kisha andika jina la afisa, namba yake ya kazi na saa. Neno la siri la simu usilitoe kabla hujaongea na wakili. Kilichopatikana kwa kuvunja haki kinaweza kukataliwa kwa Ibara ya 50(4), lakini tu kama kukipokea kungeharibu haki kwenye kesi au kungekuwa na madhara kwa utoaji haki. Hakikataliwi chenyewe tu.

---

Dada_wa_Barua:

Nyote mmekaa kwenye jinai. Kinachoumiza watu wengi zaidi ni barua ya wakili, na barua hiyo polisi hawahusiki nayo.

Tazama sentensi yenyewe. "Ni mwizi" ni tuhuma ya kosa la jinai. Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, ina kifungu 16A: ukimzulia mtu kwa maandishi kosa linaloadhibiwa kwa kifungo cha miaka 3 au zaidi, fidia isipungue shilingi 400,000, likiwa kosa la kunyongwa, isipungue milioni 1. Kosa la wizi la kawaida kwenye Kanuni ya Adhabu ni miaka 3. Yaani neno hilo moja, "mwizi", limekaa juu ya mstari kabisa. Hakimu mkuu anaweza kusikiliza kesi ya madai ya hadi milioni 20, kwa hivyo mheshimiwa hahitaji hata kwenda Mahakama Kuu.

Kinga kubwa ni tatu. Ukweli: uthibitishe kiini cha ulichosema, na usipothibitisha kila kipande, kile kilichobaki kisiwe cha kuongeza madhara ya maana kwa jina lake. Maoni ya haki juu ya jambo la umma: yawe maoni kweli, yasimame juu ya ukweli unaoonekana, yasitokane na chuki binafsi. Na maneno yenye kinga, kwa mfano yanayosemwa bungeni au kortini, ambayo hayatuhusu hapa. Kosa la waandishi wa mitandaoni ni kuchanganya mbili za mwanzo. "Mwizi" wanaliita maoni yao. Korti inaliona ni dai la ukweli, halafu inauliza: risiti ya wizi iko wapi?

Ningeiandika hivi:

"Bango linasema madarasa mawili, mfadhili NG-CDF, na kiasi hiki. Picha hii ni ya leo. Madarasa hayapo. Kamati ya NG-CDF itueleze pesa zimefika wapi, na mheshimiwa kama mlezi wa hazina hii atujibu. Kwa maoni yangu, kuwaacha watoto chini ya mwembe na bango limesimama ni aibu."

Soma tena. Kila sentensi ni picha, ni swali, au ni maoni yaliyotangazwa kuwa maoni. Hakuna "mwizi", na bado inauma. Kwa kweli inauma zaidi, maana haina pa kushikwa. Na kuna jambo la kiutendaji: pesa za NG-CDF zinapitia kamati ya eneo bunge na akaunti yake. Kusema "mheshimiwa amekula" ni kudai unajua mkono uliozichukua. Pengine ni mkandarasi. Pengine awamu ya pili haijatolewa.

Utajuaje? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ipo kwa ajili hiyo, na hutumiwa kidogo mno. Andika barua, na kifungu cha 8 kinakubali Kiswahili sawasawa na Kiingereza. Taja unachotaka hati kwa hati: mkataba wa mkandarasi, cheti cha kazi iliyokamilika, hati za malipo, kumbukumbu za kikao kilichopitisha mradi. Ukiandika "nataka habari zote za madarasa", umewapa sababu ya kukujibu nusu nusu. Hulazimiki kueleza kwa nini unazitaka. Hakuna ada ya kuomba, ila gharama ya kutoa nakala. Wana siku 21, wanaweza kuongeza 14 mara moja tu, na ni saa 48 kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu. Wakikataa, una siku 30 kupeleka ombi la mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman. Nakala ya kwanza ya barua ibaki nawe ikiwa na muhuri wao wa kupokea. Siku 21 huhesabiwa kutoka kwenye muhuri huo.

Wakijibu, unayo hati ya kuegemeza posti. Wasipojibu, hilo nalo ni ukweli wa kuandika: "Tuliomba tarehe hii, siku 21 zimepita, hawajajibu."

Na barua ya wakili ikifika, usiijibu Facebook! Hifadhi posti, picha asilia (si ile iliyopitia WhatsApp, inayopoteza tarehe na data za kamera), na maoni ya watu chini yake. Muda wa kushtaki kwa kashfa ni miezi 12 tangu kuchapishwa. Ukigundua ulikosea jambo, sahihisha haraka na kwa uzito ule ule wa posti ya kwanza. Kusahihisha mapema hupunguza fidia.

---

Fundi_wa_Mkutano:

Nami nichukue la OCS, maana hapa uongo umeota mizizi. Sheria ya Utulivu wa Umma (Public Order Act), Sura ya 56, kifungu cha 5, haisemi kibali. Inasema taarifa. Tangu marekebisho ya 1997 mwandalizi *anaarifu*, haombi.

Taarifa ifike kwa mkuu wa kituo si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Iwe na jina kamili na anwani ya mahali alipo mwandalizi, tarehe, saa (kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni), na mahali au njia mtakayopita. Njia itajwe barabara kwa barabara: mnaanzia wapi, mnakata wapi, mnasimama wapi kukabidhi malalamishi. "Mjini" si njia.

Siku 3 msizikate pembeni. Peleka siku 5 au 6 kabla, nakala mbili, moja igongwe muhuri. Afisa wa zamu akikataa kugonga, mwacheni nakala, andikeni jina na namba yake ya kazi, saa, na watu wawili walioshuhudia, kisha tumeni ile ile kwa njia nyingine inayoacha alama.

Sababu ambayo kifungu kinampa OCS ya kusema hapana baada ya kupokea taarifa ni kwamba mwingine ameshaarifu mkutano siku hiyo, saa hiyo, mahali hapo. Na akisema hivyo, sheria inamtaka awaambie mara moja. Basi ombeni kuona kwenye rejista nani amearifu. "Sina maafisa wa kutosha" au "hali si nzuri" havimo kwenye orodha hiyo. Barua yenu iliyogongwa muhuri itawasaidia kujibu shtaka la mkusanyiko haramu, lile la watu watatu au zaidi.

Jingine: Ibara ya 37 inasema kwa amani na bila silaha. Rungu la mzee mmoja, jiwe la kijana mmoja, na picha hiyo ndiyo itakayooneshwa kortini. Wekeni watu kumi wenye vitambaa vya rangi moja pembeni mwa msafara, kazi yao ni kutazama wenzao, si kupiga kelele.

---

Mtani_wa_Tanga:

Kwa sisi wa ng'ambo ya Horohoro, msibebe haya yote jinsi yalivyo. Kwetu uhuru wa maoni uko Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977, na vikomo viko Ibara ya 30. Tofauti kubwa mbili za kiutendaji. Ya kwanza: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16 kuhusu habari za uongo, iliandikwa kwa kiwango cha chini: faini *isiyopungua* milioni 5 za Tanzania au kifungo *kisichopungua* miaka 3. Wenzetu wana "isiyozidi", ambapo hakimu anaweza kushuka. Ya pili: tangu marekebisho ya 2020 ya Sura ya 3 (sheria ya kudai haki za msingi kortini), anayefungua shauri la haki za msingi lazima aape kwa kiapo jinsi uvunjaji wa haki hizo ulivyomgusa yeye binafsi. Kenya, Ibara ya 22 inamruhusu hata asiyeguswa kufungua kwa maslahi ya umma.

---

Mizani_Mbili:

Ahsante mtani. Na kwa kuwa umegusa Ibara ya 22, nimalizie hapo. Haki ikishavunjwa, ombi linakwenda Mahakama Kuu na hakuna ada ya kulifungua, 22(3)(c). Kanuni za 2013 zinaruhusu hata barua au maneno ya mdomo. Lakini kuruhusiwa si kushinda: tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979, korti inataka useme wazi ibara gani imevunjwa, imevunjwa vipi, na unadai nini. Ombi lenye kurasa 40 za uchungu na ibara kumi na tano zisizounganishwa na tukio hutupwa. Omba amri ya muda siku ile ile, la sivyo maandamano yenu yatakuwa yamepitwa kabla ya kusikilizwa.

---

Upepo_wa_Kusi:

Nimeshika. Swali dogo la mwisho kwa Dada wa Barua: barua ya kuomba hati ipelekwe kwa mbunge mwenyewe au kwa nani?

---

Dada_wa_Barua:

Si kwa mbunge. Iandikie ofisi ya NG-CDF ya eneo bunge, kwa meneja wa hazina, na nakala kwa bodi ya NG-CDF Nairobi. Juu kabisa weka: "Ombi la habari chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016." Weka namba ya simu na anwani ya kupokelea jibu, sahihi, tarehe. Ukurasa mmoja unatosha.